Nani Anapika Melini? Visiwa vya Galápagos katika Kipeperushi na katika Riwaya ya Vonnegut

Muhula uliopita, katika semina yetu ya fasihi linganishi, tulikuwa tukiijadili riwaya ya Galápagos ya Mmarekani Kurt Vonnegut, iliyotoka mwaka 1985. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Samahani Mwalimu, hawa mijusi wa baharini wanatuhusu nini sisi?" Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akasema tuendelee. Hatukuendelea vizuri. Swali lile lilinikaa kichwani, na makala haya ni jibu langu, ingawa nimechelewa kulileta.

Nianze na maandishi ambayo wahakiki wengi hawatayaita fasihi hata kidogo. Kaka yangu anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya watalii huko Arusha. Wageni wakiondoka huacha vitu: sabuni, ramani, magazeti. Siku moja akaniletea kipeperushi cha rangi, karatasi nzito kama kadi ya harusi, kinachotangaza safari ya siku nane kwa meli ndogo katika visiwa vya Galápagos. Mgeni alikuwa ameshamaliza Serengeti, sasa anafikiria pa kwenda mwakani. Nilikisoma mara tatu, tena kwa kalamu mkononi kama nilivyofundishwa kusoma tamthilia.

Kwa asiyevijua, visiwa hivi viko katika bahari ya Pasifiki, kama kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekuado, nchi inayovimiliki tangu mwaka 1832. Vyote vimezaliwa na volkeno, na baadhi ya volkeno hizo bado hai. Wanyama wake hawamwogopi binadamu, kwa kuwa kwa muda mrefu mno waliishi bila kumwona. Mtalii huenda kwa meli, analala melini, anakula melini. Meli haziruhusiwi kuchukua abiria zaidi ya 100, na nyingi huchukua 16 tu, kwa sababu mwongoza wageni mmoja haruhusiwi kuwa na watu zaidi ya 16. Asubuhi unashushwa kwa mashua ndogo ya injini, ambayo kule wanaiita panga (usicheke, ndilo jina lake), unapita kwenye njia iliyowekewa alama, unakaa mita mbili kutoka kwa mnyama, kisha unarudishwa. Usiku meli inasafiri wewe umelala. Ukiamka, kisiwa kingine kiko dirishani.

Sasa tuangalie lugha. Mhusika mkuu wa kipeperushi ni "wewe". Wewe utaamka, wewe utaona, wewe utaogelea na simba wa baharini. Wanyama nao ni watendaji hodari: kobe anatambaa, ndege mwenye miguu ya buluu anacheza ngoma ya uchumba, mnandi asiyeweza kuruka anaanika vijibawa vyake. Lakini kazi ikitajwa, sarufi inabadilika ghafla. Utapokewa. Utashushwa. Utaandaliwa chakula cha jioni. Sisi wanafunzi wa isimu tunaijua kauli ya kutendwa na tunajua inavyoweza kumficha mtenda. Na nani? Nani anapika? Nani anafua hizo taulo nyeupe? Katika kurasa kumi na mbili sikukuta hata nomino moja ya mtu mwenye kazi isipokuwa nahodha na yule mwongoza wageni. Meli inajiendesha, samaki anajikaanga.

Mtu atasema: bwana, hilo ni tangazo tu, unataka liwe riwaya? Hapana. Ninachosema ni kwamba tangazo lina usimulizi wake, na usimulizi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Ratiba ya meli ni fani. Kisiwa kimoja kila asubuhi, kila kisiwa na mnyama wake, na katikati usiku wa giza usiosimuliwa. Katika fani ya namna hiyo hakuna mahali pa kumweka mtu anayeishi pale, kwa sababu mtu huishi siku baada ya siku mahali pamoja, na ratiba haikai mahali pamoja.

Kipeperushi kinamtaja Darwin mara tano. Haki yake. Alifika mwezi wa Septemba 1835 kwa meli ya Beagle, akakaa wiki kama tano. Lakini ukirudi kwenye kitabu chake cha safari, kilichotoka 1839 na kurekebishwa 1845, utashangaa kuona kuna watu. Katika kisiwa kilichoitwa Charles, leo Floreana, Darwin anakuta makazi ya watu kati ya mia mbili na mia tatu, karibu wote watu weusi na machotara, waliohamishwa kutoka Ekuado kwa makosa ya kisiasa. Na ni huko ambako makamu gavana, bwana Lawson, alimwambia kwamba akionyeshwa kobe anaweza kusema ametoka kisiwa gani. Darwin mwenyewe anakiri kwamba hakulitilia maanani neno hilo mara moja, na kwamba alikuwa ameshachanganya vielelezo vya visiwa viwili. Kumbe basi! Mojawapo ya funguo kubwa za sayansi ilitoka kwa mkazi, kwa mtu aliyekaa mahali pamoja akawaangalia kobe siku zote. Kipeperushi kimemchukua Darwin, kimewachukua kobe, kimemwacha Lawson na wale waliohamishwa.

Orodha ya walioachwa ni ndefu. Katika kisiwa cha San Cristóbal palikuwa na shamba la miwa la Manuel Cobos, aliyewatawala vibarua wake kikatili hadi walipomwua mwaka 1904. Katika kisiwa cha Isabela palikuwa na gereza kuanzia 1946 hadi 1959, ambapo wafungwa walilazimishwa kujenga ukuta wa mawe ya volkeno usiozuia kitu chochote. Unaitwa Ukuta wa Machozi, na bado umesimama. Tazama huo mwaka: 1959, gereza linafungwa, na mwaka huohuo Galápagos inatangazwa hifadhi ya taifa. Sisi huku pia tunaukumbuka 1959. Ndio mwaka ambao Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti, hifadhi ikatengwa na Ngorongoro, na Serengeti iliyobaki ikawa ya wanyama. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Galápagos haikuwa na wenyeji wa asili, Serengeti ilikuwa nao. Lakini karatasi ile nzito ya rangi inayachora kwa kalamu moja, na ndiyo maana mgeni wa kaka yangu aliweza kutoka huku akaelekea kule bila kubadili macho.

Hapo ndipo Vonnegut anapoingia. Riwaya yake imejengwa juu ya kipeperushi. Mwaka ni 1986, meli mpya iitwayo Bahía de Darwin iko bandarini Guayaquil, na mtaalamu wa matangazo amefanikiwa kuwashawishi watu mashuhuri kama Jacqueline Onassis na Mick Jagger wasafiri katika kile anachokiita safari kubwa ya maumbile ya karne. Mapema kabisa msimulizi anatuambia kwamba visiwa vyenyewe havikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maoni ya watu juu yavyo, na maoni hayo yalitengenezwa kwa maandishi. Halafu uchumi wa dunia unaporomoka. Pesa za Ekuado zinakuwa karatasi tu, watu wanalala njaa, watu mashuhuri hawaji. Umati wenye njaa unaivamia meli na kuichukua kila kitu kinacholiwa au kubebeka. Wazazi wetu waliosimama foleni za sukari na sabuni miaka ya 1980 hawahitaji tanbihi katika sura hizi. Mwaka huohuo 1986, Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Vonnegut anasisitiza kwamba chakula kilikuwapo duniani. Kilichokufa ni imani katika karatasi.

Meli inaondoka hata hivyo, tupu, pamoja na watu wachache waliobahatika kuipanda: nahodha asiyejua kuongoza meli, mwalimu mjane aitwaye Mary Hepburn, tapeli mmoja mgonjwa wa moyo, mjamzito Mjapani, msichana kipofu, na wasichana sita wa kabila la msituni. Wanakwama katika kisiwa cha kubuni, Santa Rosalia. Kwingineko binadamu wanakoma kuzaa. Baada ya miaka milioni moja, uzao wa hawa wachache ndio binadamu wote, wana manyoya na mapezi, ubongo mdogo, wanakula samaki. Watalii wamegeuka wanyama wa kutazamwa, ila hakuna aliyebaki wa kuwatazama.

Wenzangu wengi semina ile walishughulika na huo mgeuko: falsafa ya mwandishi ni ipi, anakata tamaa au hakati, ubongo mkubwa ni laana au baraka. Ni maswali mazuri, na yalitula saa mbili. Mimi naona jambo kubwa zaidi liko katika nafsi inayosimulia. Msimulizi ni mzimu. Jina lake Leon Trout, mwanajeshi wa Marekani aliyetoroka baada ya Vietnam, ambako alishiriki maovu, akapata hifadhi Uswidi, akafanya kazi ya kuunda meli huko Malmö. Anaiunda Bahía de Darwin kwa mikono yake, bamba la chuma linamwangukia, linamkata kichwa. Anabaki ndani ya meli na kuifuata miaka yote milioni.

Yaani safari hii ya kitalii inasimuliwa na fundi aliyeijenga meli akafia ndani yake! Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Hilo ndilo jibu la kauli ya kutendwa. Kipeperushi kinasema meli "imejengwa". Vonnegut anauliza na nani, kisha anamkabidhi huyo nani riwaya nzima. Hata ile mbinu ya kuweka kinyota kando ya jina la kila mhusika atakayekufa kabla jua halijazama, ambayo mwenzetu mmoja aliiita mchezo wa kitoto, kwangu inaeleweka ukikumbuka anayeandika. Marehemu wa ajali ya kazini anawahesabu wenzake wajao. Nani mwenye haki zaidi ya kufanya hivyo?

Lakini sifa zisitupofushe. Kuna wale wasichana sita, Wakanka-bono. Bila wao hakuna binadamu hata mmoja katika hadithi hii, maana Mary anawapa mimba kwa mbegu za nahodha bila nahodha kujua. Ndio mabibi wa wote. Na lugha yao, si Kiingereza wala Kihispania, ndiyo inayotawala kisiwani, hadi nahodha anazeeka katikati ya watu asiowaelewa. Hapo mwandishi alikuwa na hazina mikononi. Aliitumiaje? Majina yao yanapita mbio, hatuwezi kumtofautisha huyu na yule. Wanaogopa, wanakula, wanazaa. Kuna mashine ndogo, Mandarax, inayotafsiri lugha chungu nzima na kukariri maneno ya washairi wakubwa; Kikanka-bono haikijui. Kichekesho kizuri, nilikicheka. Ila msimulizi wetu si mashine. Mzimu huyu anaweza kuingia kichwani mwa mtu yeyote na kusoma mawazo yake. Anaingia kwa Mary, anaingia kwa tapeli, anaingia kwa nahodha mara kwa mara. Kwa wasichana hawa anabisha hodi mara chache sana, na haketi. Fundi aliyesahauliwa na kipeperushi anawasahau wengine kwa namna ileile. Wanashushwa. Wanapewa mimba. Kauli ya kutendwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Mtetezi wa Vonnegut atasema huo ndio ukweli wa kejeli yake: mwandishi anaonyesha upofu wa Wamarekani kwa kuuigiza. Nimeifikiria hoja hii sana. Ningeikubali kama riwaya ingetoa hata ishara moja kwamba inajua imenyamaza. Sikuiona.

Linganisha na Herman Melville, aliyepita visiwa hivi kwa meli ya kuvua nyangumi mwaka 1841 na kuchapisha michoro kumi kuvihusu mwaka 1854, iitwayo The Encantadas. Mchoro wa nane ni wa Hunilla, chotara wa Peru, aliyeachwa kisiwani na mumewe na kaka yake kukusanya mafuta ya kobe. Nahodha aliyeahidi kurudi hakurudi. Wanaume wanazama mbele ya macho yake. Anabaki peke yake na mbwa, akihesabu siku kwa alama kwenye mwanzi, mpaka alama zinakoma. Msimulizi anadokeza kwamba kuna mambo mawili yalimpata meli zilipopita, halafu anasimama. Anakataa kuyasema. Anatuambia waziwazi kwamba anakataa, na kwamba anajua tutaelewa. Ukimya wa Hunilla una uzito kwa sababu msimulizi anaubeba mbele yetu. Ukimya wa Wakanka-bono haubebwi na mtu. Melville si malaika, lugha yake juu ya machotara ina madoa ya zama zake, na kurasa nyingine za michoro ile zinachosha. Lakini mwanamke yule akiondoka juu ya punda wake mwishoni, tunajua tumemwacha mtu.

Nimekuwa nikimtafuta yule mwenzetu wa mijusi nimwambie haya ana kwa ana. Naambiwa yuko mafunzo kwa vitendo, kampuni moja ya watalii, anaandika ratiba za wageni. Nakala ya Galápagos maktabani ni moja tu. Nimeirudisha Jumatatu, na kile kipeperushi nimekiacha humo ndani.