Ibn Hajar, Tauni na Mafua: Kiasi Kisicholingana

Ijumaa moja ya mwaka 2020 nilimsikia khatibu akiwaambia watu kuwa al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani amekataa ambukizo katika kitabu chake cha tauni, kwa hiyo anayesimama mbali na mwenzake katika safu imani yake ina kasoro. Wiki haikuisha nikaletewa karatasi iliyokuwa ikipitishwa mkono kwa mkono. Ndani yake Ibn Hajar huyo huyo, kwa kitabu hicho hicho, ametajwa kuwa ndiye aliyegundua, karne nyingi kabla ya Wazungu, kwamba mikusanyiko hueneza maradhi. Msomaji ataona kuwa kauli hizi mbili haziwezi kukaa pamoja. Nilirudi kwenye kitabu chenyewe, nikaona kuwa wote wawili wamekidhulumu.

Kitabu hicho ni Badhl al-Ma'un fi Fadl al-Ta'un. Kimehakikiwa na kuchapishwa kwa Kiarabu, na mwaka 2023 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Joel Blecher na Mairaj Syed. Kina milango mitano na hitimisho: asili ya tauni, maana yake, kuwa kwake shahada kwa muumini, hukumu ya kuingia na kutoka katika mji uliopatwa, na yanayotakiwa baada ya kutokea. Hitimisho ni tarehe ya tauni zilizotokea katika Uislamu. Ibn Hajar (773–852 H) hakukiandika kama mtu aliyekaa mbali. Alikianza mwaka 819 H, mwaka ambao tauni ilimchukua binti zake wawili, Fatima na Aliya. Alikimaliza mwaka 833 H, na katika tauni ya mwaka huo akafa binti yake mkubwa, Zayn Khatun, akiwa mjamzito. Mlango wa tatu, unaohusu shahada, hausomeki sawasawa kwa asiyeyajua hayo.

Tuanze na khatibu. Ni kweli Ibn Hajar amekataa kuwa tauni huhama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Anashikamana na hadithi ya kukanusha ambukizo, na ile ya kumkimbia mwenye ukoma anaifasiri kuwa ni kuziba njia, ili asije mtu akapatwa kwa kadari kisha akaitakidi kuwa maradhi yamemwingia kwa nguvu yake yenyewe. Asili ya tauni anaitafuta katika hadithi ya mchomo wa majini, na anawajibu matabibu waliosema kuwa ni uharibifu wa hewa: ingekuwa hewa, ingewapata watu wote na wanyama pia, wala isingetokea katika misimu mizuri na nchi zenye hali nzuri. Hayo yote yamo kitabuni.

Ambalo khatibu hakulisoma, au alilisoma akalipita, ni namna Ibn Hajar anavyomjibu Taj al-Din al-Subki, ambaye mwenyewe alikufa kwa tauni mwaka 771 H. Al-Subki alikuwa na rai nzuri sana kwa mtazamo wa fikihi: wakishuhudia matabibu wawili waadilifu wenye ujuzi kwamba kuchanganyika na mgonjwa kunaleta madhara, basi kujiepusha kunajuzu, au ni zaidi ya kujuzu. Hapa Ibn Hajar hakusema kuwa ushahidi wa tabibu hauna nafasi katika dini. Alisema ushahidi huo haukubaliki kwa sababu hisi inaukadhibisha. Tauni zimejirudia Misri na Sham, nyumba ni chache zilizosalimika nazo, na wanaomuuguza mgonjwa ni jamaa zake wanaochanganyika naye kuliko mtu wa mbali. Pamoja na hayo, wengi wao wamebaki salama.

Tazama hoja hiyo imejengwa juu ya nini. Imejengwa juu ya jicho. Na jicho lake, kwa kiasi kikubwa, liliona sawasawa! Tauni ya mitoki haipiti kwa wepesi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa anayemuuguza. Kijidudu chake kilitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, akaonyesha kuwa kiroboto ndiye anayekitoa kwa panya na kukifikisha kwa mtu. Mama anaweza kumkanda mwanawe siku 3 asipatwe, na jirani asiyeingia chumbani kwa mgonjwa akapatwa, kwa sababu panya wamefia darini mwake. Iko pia tauni ya mapafu, ambayo hupita kwa pumzi na kuua haraka mno, na hiyo hoja ya Ibn Hajar haiigusi. Alichokosea basi ni kuchukua kilichoonekana katika nyumba akakifanya ni kanuni.

Homa ya mafua haifanani na hayo hata kidogo. Virusi vyake hukaa puani, kooni na mapafuni, hutoka kwa kukohoa, kupiga chafya na hata kuzungumza, na mtu huanza kuvitoa yapata siku moja kabla hajajijua kuwa ni mgonjwa. Baina ya kupatwa na kuugua ni siku 1 hadi 4. Yule jamaa anayeuguza, ambaye Ibn Hajar alimwona salama, katika mafua ndiye wa mwanzo kuangukiwa. Janga la mwaka 1918 liliua makumi ya mamilioni ya watu duniani kwa njia hii ya pumzi, na Uviko-19 nao ulipita humo humo. Basi anayechukua hukumu ya Ibn Hajar juu ya tauni akaitia juu ya mafua amefanya kiasi pamoja na tofauti iliyo wazi, kosa ambalo mwanafunzi wa usul hukatazwa mwaka wa kwanza. Ajabu zaidi ni kuwa Ibn Hajar mwenyewe amekazania, katika mlango wa pili, kuwa kila tauni ni waba lakini si kila waba ni tauni. Mlango mzima ameuandika ili watu wasichanganye. Na kwa kuwa alimkataa shahidi kwa sababu hisi ilimkadhibisha, pale ambapo hisi inamsadikisha shahidi sababu ya kumkataa imeondoka, na rai ya al-Subki imebaki imesimama.

Sasa ile karatasi. Inategemea kisa mashuhuri cha mlango wa mwisho. Tauni iliingia Cairo tarehe 27 Rabi' al-Akhir 833 H (1430 M), na wanaokufa walikuwa chini ya 40 kwa siku. Watu wakaitwa kufunga siku 3, kama inavyofanywa katika sala ya kuomba mvua, na tarehe 4 Jumada al-Ula wakatoka jangwani, wakaomba, wakakaa saa moja, wakarudi. Mwezi haukuisha ila wanaokufa wamepita 1,000 kwa siku. Akataja pia mkusanyiko kama huo wa Damascus katika tauni kubwa ya 749 H, na kwamba huko nako tauni ilizidi baada yake.

Kisa ni cha kweli, ila anayekisoma kwa ukamilifu ataona kuwa Ibn Hajar hakusema mkusanyiko ndio ulioambukiza. Angeyasemaje hayo, naye amekwisha kulikataa ambukizo? Hoja yake ni ya kifikihi: mkusanyiko wa namna hiyo kwa ajili ya tauni haukupokewa kwa waliotangulia, hauwezi kulinganishwa na sala ya mvua, na yaliyotokea baada yake hayakuonyesha kuwa una manufaa. Kumvisha joho la tabibu wa kisasa ni kumsifu kwa ambalo hakulisema, na sifa ya uongo haimfaidishi mwanachuoni. Kama ni kumtafuta aliyesema ambukizo lipo kwa uzoefu na mushahada, yupo Lisan al-Din Ibn al-Khatib wa Granada (m. 776 H), aliyetaja meli iliyoingiza maradhi katika bandari iliyokuwa salama, na waliojitenga wakaokoka, kisha akasema kuwa dalili ya nakili ikigongana na hisi haina budi kufasiriwa. Sijui kwa nini waandishi wetu wanamkwepa. Labda kwa sababu aliuawa gerezani akituhumiwa uzushi.

Hawa wawili, wa Cairo na wa Granada, wote walidai kuwa hisi iko upande wao. Nani atawaamua? Hapa ndipo penye faida kubwa ya kitabu, na ndipo wasomaji wake wa leo hawasimami. Anayeamua ni hesabu: wangapi waliouguza walipatwa, wangapi wasiouguza, lini, mtaa gani. Ibn Hajar alikuwa na nusu ya hesabu hiyo. Ana tarehe ya kuanza, idadi ya siku ile, na idadi ya mwisho wa mwezi. Aliipata kwa kuwa Cairo ya Mamaluki ilikuwa na diwani ya mirathi iliyoandika waliokufa, na sababu ya kuandika ilikuwa hazina, ambako mali isiyo na mrithi hurejea. Ibn Taghribirdi anatueleza katika tauni hiyo hiyo ya 833 H kuwa idadi ya diwani ilikuwa pungufu ya maiti waliohesabiwa katika sehemu za kusalia jeneza. Daftari lililofunguliwa kwa ajili ya mali halimuoni asiye na mali.

Tangu mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani lina mtandao wa maabara unaofuatilia mafua. Sampuli hukusanywa nchi kwa nchi, na mara mbili kwa mwaka huamuliwa chanjo itengenezwe kwa aina zipi za virusi. Mtandao huo nao ulikuwa na daftari la mali. Mwaka 2007 Indonesia ilizuia sampuli za homa ya mafua ya ndege, ikilalamika kuwa inatoa virusi bure kisha chanjo itokanayo navyo inauzwa kwa bei isiyoifikia. Malalamiko hayo yalizaa mapatano ya mwaka 2011 juu ya kugawana virusi na manufaa yake. Kuzuia sampuli ni hatari, na mimi siisifu njia hiyo, lakini aliyelalamika alikuwa na haki.

Na pasipo hesabu, watu hufuata jina. Mwaka 2009 dunia iliposema homa ya nguruwe, serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, wapatao 300,000, ilhali virusi vilikuwa vikipita baina ya watu. Nyama yake ni haramu kwetu, sawa, lakini uharamu si ushahidi wa kitabibu. Waliofilisika ni Makopti wazoa taka wa Cairo, na taka wanyama hao walizokuwa wakizila zikabaki mitaani.

Watu hupenda kukitaja kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) kule Sargh, katika mwaka wa tauni ya Amwas, na husimama kwenye kurudi kwake. Mimi husimama mwanzoni. Makamanda wa Sham, Abu Ubayda (r.a.) akiwa pamoja nao, walitoka kumlaki Amiri wa Waumini, na la kwanza walilomweleza ni kuwa maradhi yameingia katika nchi iliyo chini ya mikono yao. Hawakungoja aingie. Kisha akawashauri Muhajirina, Ansari na wazee wa Kikureshi, mpaka Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi. Shura yote ile isingekuwapo lau makamanda wangenyamaza ili nchi yao ionekane salama. Tanzania ilisimamisha kutangaza takwimu za Uviko-19 mwaka 2020, zikiwa ni wagonjwa 509 na vifo 21, na haikurudi kuzitangaza mpaka mwaka 2021. Katika miezi hiyo tulizika, na kila msikiti ulikuwa na hesabu yake ya jeneza, kama zile sehemu za kusalia za Cairo. Vitabu vya fikihi tulivyonavyo vimejaa hukumu ya kutoka na kuingia mji wenye tauni. Hukumu ya anayejua kuwa imeingia kisha akanyamaza nimeitafuta katika milango yote mitano ya Badhl al-Ma'un, na sikuipata.