"Hapana" Inapochorwa Kuwa "Ndiyo"

Katika katuni za Kijapani za watu wazima nilizoziona kibandani hapa Kasulu, kinachonikera si uchi. Ni mtindo wa hadithi: mwanamke anakataa, analia, halafu mchoraji anamfanya atabasamu. *Urotsukidōji*, hadithi ya picha ya Toshio Maeda iliyotolewa kwenye video mwaka 1987, ni mfano mashuhuri wa ukatili uliofanywa burudani.

Watetezi husema: ni michoro tu, nani kaumia? Sawa. Lakini mwigizaji anaweza kugoma, mchoro hauwezi. Tabasamu lile ni uamuzi wa mwenye kalamu, na yeye ndiye ninayemdai.

Na somo hilo halikuti shamba tupu. Kasulu mpaka Kibondo, vijana tunaambiana: akikataa, anajivunga tu. Wakati sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inahesabu kuwa ubakaji hata pale mwanamke alipokubali kwa kulazimishwa au kutishwa.

Nasi tunaoandika mapenzi je? Mhusika wako akisema hapana, mwache aseme. Usimtafsirie.