Mwindo na Saa ya Mungu

Masimulizi ya Mwindo ni mali ya Wanyanga, na wanaseminari wetu wengi waliozaliwa upande wa Walikale waliyasikia karibu na moto kabla hawajajua kusoma. Mwaka wa 1956 mzee Shekarisi Rureke aliyahadisia kwa siku 12 katika kijiji cha Bese, inchi ya Kisimba, na mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck akayakusanya. Mwaka wa 1969 yalipigwa chapa Marekani katika kitabu The Mwindo Epic, kwa kazi ya Biebuyck huyo pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe. Tangu siku hizo kitabu hicho kinasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Lakini sisi tunaohubiri Injili mahali palipozaa masimulizi hayo tumeyatumia kidogo, na mara nyingine tumeyatumia vibaya.

Katika makala haya twataka kuyapima juu ya jambo moja tu: kumngojea Mungu pasipo kuacha kusadiki. Jambo hilo halikai darasani tu. Kalembe iko mpakani, Masisi upande huu na Walikale upande ule. Siku ya 20 Oktoba 2024 askari wa M23 waliingia Kalembe, mapigano kati yao na Wazalendo yakafuata, na watu kwa maelfu wakakimbia na watoto mgongoni. Katekista anayewakusanya watu kama hao kwa sala anaulizwa: Mungu alikuwa wapi? Atakuja lini? Akijibu upesi tu kwamba wakati wa Mungu ni mwema, amesema kweli, lakini ameisema kama mtu anayefunga mlango. Inafaa basi tutafute jibu lenye nyama zaidi, na masimulizi ya wazee yaweza kutusaidia, tukiyasoma vizuri.

1. Mwenye kuzaliwa akitembea

Tuwakumbushe wasomaji hadithi yenyewe. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, ana wanawake saba. Anawaita watu wake na kutoa amri: wake zake wazae mabinti tu, mtoto mwanamume akizaliwa, atamwua. Wake sita wanajifungua siku moja, wote mabinti. Wa saba, aliyekuwa mpenzi, anakawia. Mimba yake inapita miezi ya desturi, naye anahangaika moyoni. Ndipo Mwindo anazaliwa kwa namna ya ajabu, akisema na kutembea siku ileile. Ndiyo maana anaitwa Kabutwakenda, maana yake mtoto azaliwaye akitembea. Mkononi ana usinga wake, na usinga huo una nguvu ya kumwokoa hata katika kufa.

Baba anamtupia mikuki, mikuki haimpati. Anamzika, mtoto anatoka kaburini. Anamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni; ngoma inamchukua hata kwa shangazi yake Iyangura. Mwindo anarudi na wajomba wake, anaangamiza Tubondo, anamfuata baba yake anayekimbia hata katika inchi ya chini ya udongo. Huko anapata taabu nyingi, tena anacheza mchezo wa kubahatisha na Sheburungu, na kupoteza mali yote mpaka anabaki na usinga tu. Anauweka huo nao, na hapo anashinda. Mwisho anampata baba yake, wanarudi, na wafu wa Tubondo wanafufuka. Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu wote, na mwana hamlipizi kisasi.

Wahubiri wengine wakifika hapa wanafurahi kupita kiasi. Wanasema: Tazameni, huyu ni mfano wa Kristu! Amezaliwa kwa ajabu, mtemi ametaka kumwua, ameshuka kuzimuni, amerudi. Twaona kwamba ulinganifu huo ni wa juu juu tu. Mwindo alishuka kwa hasira kusudi amkamate adui wake, hata kama safari iliishia katika msamaha. Bwana wetu alishuka kwa mapendo, kusudi awapandishe wafungwa. Tena Mwindo hakuonja kitu kile ambacho Kristu alikionja kabisa: kukaa miaka 30 Nazareti, kujifunza kutembea, kujifunza kazi, kungojea saa ambayo hakujiwekea mwenyewe. Mwindo ni mtu asiyejua kutambaa.

Tukimlazimisha Mwindo avae kanzu ya Kristu, twaharibu vyote viwili: hadithi inapoteza utamu wake, na Injili inakuwa hadithi moja zaidi kati ya nyingine.

2. Haraka, ndugu wa kutosadiki

Mafundisho ya kweli ya hadithi hii, kwa maoni yetu, yako mahali pengine. Yako katika amri ya Shemwindo na katika adhabu ya Mwindo.

Shemwindo alimhukumu mtoto ambaye hajamwona. Aliogopa kesho, akataka kuifunga kesho kwa neno lake. Binti huleta mahari. Mwana siku moja ataketi juu ya kiti cha baba. Mtemi hakuweza kupokea kutoka kwa siku zijazo kitu asichokichagua. Hapa wazee wa Wanyanga wameona jambo ambalo walimu wetu wa teolojia wanalieleza kwa maneno marefu. Mara nyingi mtu asiyesadiki hasemi kwamba Mungu hayuko. Anasema tu kwa matendo yake: Nisipoishika kesho kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna atakayenishikia.

Maandiko Matakatifu yana mfano ulio karibu nasi kuliko tunavyodhani. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, Saulo yuko Gilgali. Adui wamekusanyika, askari wake wanatoroka mmoja mmoja, na Samweli aliyeahidi kuja haonekani. Saulo anangoja siku saba. Siku ya saba anashindwa, anatoa mwenyewe sadaka isiyo kazi yake. Hajamaliza vizuri, na Samweli anafika. Msomaji aliyeona vita atamhurumia Saulo, na ni haki amhurumie. Kila sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli: watu walitawanyika kweli, adui walikuwa karibu kweli. Lakini kosa lake lilikuwa kugeuza sadaka kuwa chombo cha kuharakisha Mungu. Alitumia altare kama Mwindo alivyotumia usinga.

Ugonjwa huo tunauona leo. Wako watu wanaokwenda katika vyumba vya sala, wakipewa siku maalumu: funga siku saba, na siku ya nane mume wako atarudi, vita vitakwisha, ugonjwa utatoka. Siku ya nane ikipita bure, mtu anaambiwa imani yake ni ndogo. Mtu huyo alikuwa na jeraha moja, sasa anayo mawili. Na tusiwanyoshee wengine kidole peke yao. Katika parokia zetu pia kuna novena zinazosaliwa kama mtu anayehesabu fedha mbele ya mwenye duka.

Hadithi ya Mwindo yenyewe inaihukumu haraka hiyo. Baada ya ushindi wake wote, Mwindo anatamani nyama ya nguruwe wa mwitu. Wawindaji wake wanakutana na Kirimu, joka kubwa, naye Mwindo anamwua. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anamchukua Mwindo na kumpandisha mbinguni, na huko anakaa mwaka mzima. Mvua inampiga, Mwezi unamwunguza nywele, Jua linamkausha koo, na kila mmoja anamkaripia kwa majivuno yake. Huko usinga haumsaidii kitu. Yule aliyezaliwa akitembea anapashwa kukaa na kungoja, na kuhesabu siku kama watu wote. Anaporudi ni mtu mwingine: anawapa watu sheria za kukaa kwa amani, walime vyakula vya namna nyingi, wasigombane, wawapokee watoto wote, wa kiume na wa kike. Amri mbaya ya baba imefutwa na mwana aliyefundishwa kungoja.

Hapo twawasifu wazee pasipo kizuizi. Walijua kwamba ushindi haumfanyi mtu kuwa mtemi mzuri. Kungoja kunamfanya.

3. Mahali hadithi inapokoma

Lakini kazi ya kupima kitabu ni kuonyesha pia mpaka wake. Mwindo alingoja kwa sababu alilazimishwa. Mbinguni hakuna aliyempa ahadi; hakuna aliyemlilia. Nguvu za mbinguni zilimwadibu, basi zikamrudisha. Ni kungoja kwa mfungwa anayejua kwamba adhabu ina mwisho. Kungoja kwa mwana anayemjua Baba yake ni kitu kingine.

Tusome sasa sura ya 11 ya Injili ya Yoane. Marta na Maria wanatuma habari kwamba Lazaro ni mgonjwa. Yoane anaandika kwanza kwamba Yezu aliwapenda watu hao watatu, halafu mara moja anasema kwamba alikaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa. Mapendo na kukawia yamewekwa bega kwa bega, na mwandishi hakuona haya kuyaweka hivyo. Alipofika, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Marta anatoka kumlaki na kumwambia wazi kwamba kama angalikuwako, ndugu yake asingalikufa. Maria anakuja, anasema vilevile. Bwana hakumkaripia hata mmoja kwa sababu ya neno hilo. Hakuwaambia wanyamaze kwa kuwa wakati wa Mungu ni mwema. Alimwuliza Marta kama anasadiki, aliuliza kaburi liko wapi, akalia machozi. Alijua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka, na hata hivyo alilia.

Mambo mawili yanatokea hapa ambayo hayamo katika Mwindo. La kwanza: kulalamika mbele ya Mungu si kutosadiki. Marta alilalamika kwa sababu alisadiki. Mtu hamlaumu daktari asiyemtegemea. Nabii Habakuki naye alifungua kitabu chake kwa kumwuliza Mungu hata lini atalia juu ya jeuri bila kusikilizwa, na Kanisa limekiweka kitabu hicho kati ya vitabu vitakatifu. La pili: Mungu anayekawia hakai mbali na wanaongoja. Anakuja kwa miguu hata kaburini, na uso wake umelowa.

Kwa hiyo Mkristu hana usinga mkononi. Mkono wake ni mtupu, lakini kuna Mtu aliyeushika. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa hana usinga. Alifanya kazi katika ofisi inayokagua bidhaa mpakani, akakataa kupokea rushwa kusudi vyakula vilivyooza visiuzwe kwa watu. Mwezi wa Julai 2007 alikamatwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Siku ile mikuki ilimpata. Ndugu na rafiki zake walingoja miaka karibu 18 mpaka Kanisa likamtangaza Mwenye Heri, tarehe 15 Juni 2025, Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo. Hata siku hiyo haikumrudisha kwa mama yake. Kungoja kwetu kunakwenda mbali zaidi: mpaka ufufuko. Anayehubiri saa ya Mungu bila kuutaja ufufuko amewapa watu nusu ya mkate.

4. Neno kwa wahubiri

Tunalosema kwa wanaseminari na wakatekista ni hili. Hadithi ya Mwindo ifundishwe, tena ifundishwe nzima, hasa sehemu ile ya mwaka wa mbinguni ambayo wengi wanaiacha kwa sababu haina vita. Itawasaidia watu kuitambua haraka iliyo ndani yao na kuiita kwa jina lake. Lakini asiwepo anayesimama hapo. Kutoka Tubondo inafaa kuwapeleka watu Betania.

Na mtu aliyechoka kusadiki asifukuzwe kwa mahubiri makali. Tomasi alikaa siku nane bila kusadiki, na kwa siku nane wenzake hawakumtoa katika nyumba. Ndiyo sababu Bwana alimkuta pale. Yule baba wa mtoto mgonjwa, katika sura ya 9 ya Marko, alileta mbele ya Yezu imani yake na kutosadiki kwake katika kilio kimoja, na mtoto akaponywa. Sala kama hiyo yaweza kufundishwa hata chini ya hema la wakimbizi, kwa mama asiyekuwa na nguvu ya kusali rozari nzima.

Tena kungoja si kukunja mikono. Mwindo aliporudi aliwaambia watu walime. Watoto waliokimbia pamoja na wazazi wao bado wanapashwa kujifunza katekismu na kusoma. Wagonjwa bado wanangojea mafuta matakatifu. Wafu bado wanapashwa kuzikwa kwa heshima. Katekista anayefanya hayo, bila kujua vita vitaisha mwezi gani, ameshajibu swali aliloulizwa, kadiri mtu anavyoweza kulijibu. Sehemu iliyobaki ni ya Mungu, na saa yake hakutupa kuihesabu.