Mstari wa Leo, Tangu 1728

Hongera ziwaendee Wakristo Wamoravian wa Herrnhut, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani. Mei 1728 kiongozi wao, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliwapa waumini neno moja la kushika siku inayofuata, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha maneno hayo ya mwaka mzima kilichapwa mara ya kwanza 1731, na hakijakosa mwaka tangu hapo, hata wakati wa vita kuu viwili vya dunia.

Kinachonivutia ni kura. Mstari wa Agano la Kale wa kila siku hupatikana kwa kura, miaka mitatu kabla. Kisha mtu hutafuta wa Agano Jipya unaoendana nao, na chini yake huwekwa sala au ubeti wa wimbo. Hakuna mchungaji wa kukupangia baraka tupu. Asubuhi ya harusi unaweza kukutana na karipio la nabii, ukalitafakari hivyo hivyo huku chai inapoa. (Mistari ya kujichagulia, tukubaliane, huwa mitamu mno.)

Wamisionari wao walifika Rungwe 1891. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na anayefungua kitabu hicho Mbeya kabla ya kwenda shambani hukuta mstari uleule wa Herrnhut.