Pongezi kwa Waezekaji wa Nyanda za Juu

Wanastahiki pongezi mafundi wa kuezeka wa Mbeya na Iringa, ambao, kabla mvua za Novemba hazijawasili, hukwea kenchi za msonobari wa Sao Hill ya Mufindi, wakapigilia kila msumari juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni yapitamo maji. Naye ashikaye mashine ipigayo misumari kwa nguvu ya hewa namstahi zaidi pale aondoapo kidole kwenye kifyatulio akitembea juu ya papi, na achomoapo mpira wa hewa kabla ya kutoa msumari uliokwama, kwani chombo hicho hakipambanui ubao na mguu wa mwenziwe. Waajiri nao, kwa insafu, wawapatie mkanda na kamba bila ya kungoja waombwe.