Jina Chini ya Picha: Maelezo ya Picha za Warembo, Uingereza na Ukambani

1. Utangulizi

Wakusanyaji wa picha za zamani za warembo wa Kiingereza, hasa zile zilizochapwa katika majarida madogo ya miaka ya 1940 hadi 1960, wana desturi moja inayostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Hawatafuti picha tu. Hutafuta na maandishi yake. Jina la mwanamke, jina la mpiga picha, jina la jarida na mwaka wa kuchapwa ni mambo yanayoipa picha mahali pake katika mkusanyo. Makala haya yanakusudia kuyasoma maandishi hayo kama matini, na kuyalinganisha na maandishi ya postikadi za wasichana wa Kikamba zilizouzwa Afrika ya Mashariki zama za ukoloni. Postikadi hizo nazo leo zina wakusanyaji wake Ulaya na Marekani. Hoja yetu ni kwamba kinachozitenga aina hizi mbili za picha si kiasi cha nguo, wala si ustadi wa mpiga picha. Ni jina.

2. Majina matatu ya mwanamke mmoja

Tuchukue mfano wa Pamela Green (1929–2010), ambaye pamoja na mpiga picha George Harrison Marks alianzisha jarida la Kamera mjini London mwaka 1957. Mwanamke huyu alipigwa picha kwa majina matatu. Lilikuwako jina lake mwenyewe. Lilikuwako la Rita Landre, mwenye nywele nyekundu za bandia. Na lilikuwako la Princess Sonmar Harriks, binti mfalme wa kubuni aliyepakwa rangi ili aonekane mtu wa nchi za mashariki. Msomaji aliyezoea mchezo wetu wa kinyume atalifumbua jina hili la tatu bila taabu: ni Harrison Marks aliyekatwa vipande na kuungwa upya.

Hapana budi tukiri kwamba maandishi haya yana uongo mwingi. Hata hivyo ni uongo wenye mwenyewe. Pamela Green aliyavaa majina hayo akayavua, na baadaye maishani akaweza kuisimulia kazi yake kwa kinywa chake. Jina la bandia lilikuwa pazia, na mwenye pazia ndiye aliyeshika kamba yake.

Sheria nayo ilimtambua mwanamke huyu kuwa ni mtu wa kuangaliwa kwa hadhari. Chini ya Sheria ya Machapisho Machafu ya 1959, na hata kabla yake, wapiga picha wa Uingereza walizifuta kwa brashi sehemu za siri katika picha zao. Jean Straker wa Soho, aliyekataa kufanya hivyo, alishtakiwa katika miaka ya 1960. Katika nusu ya kwanza ya karne hiyohiyo, postikadi za wasichana wa Kiafrika walio vifua wazi zilikuwa zikibandikwa stempu na kupita posta ya dola hiyohiyo bila ya kificho. Kifua cha kwanza kiliitwa sanaa au uchafu, kikabishaniwa mahakamani. Cha pili kiliitwa elimu ya makabila, na hakuna aliyebishana.

3. Nomino ya pekee na nomino ya kawaida

Maelezo ya kawaida ya postikadi hizo yalikuwa ya namna ya "msichana wa Kikamba" au "wacheza ngoma wa Ukamba". Tuyatazame kisarufi. Mahali pa nomino ya pekee pamekaliwa na nomino ya kawaida pamoja na kivumishi cha kabila. Mara nyingi jina pekee la mtu kwenye kadi nzima ni la mpiga picha au la mwenye duka. Aliyeshika kamera anatajwa. Aliyesimama mbele yake anaainishwa.

Hasara yake si ya heshima tu. Ni ya maarifa pia. Majina ya Kikamba ni kumbukumbu. Mumbua hutokana na mbua, yaani mvua. Wayua hutokana na yua, yaani njaa. Wakamba huzitaja njaa zao kwa majina, kama ile ya Ngomanisye ya mwisho wa karne ya 19, na kwa hiyo jina la binti, likiunganishwa na la baba yake na la kijiji chake, laweza kumpa mtafiti tarehe ambayo kadi haikuiandika. Hali kadhalika, neno "ngoma" halitwambii kama tunawatazama vijana wakicheza au akina mama wazima katika kilumi, ngoma ya mizimu. Tofauti hiyo ingeandikwa kwa neno moja tu, kama mwandishi angaliuliza.

Wala haiwezi kusemwa kwamba zama hizo hazikujua kuuliza. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyetembea Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912, alikusanya hadithi, vitendawili, methali na nyimbo za Wakamba kwa lugha yao wenyewe. Masikio ya wageni yaliweza kusikia Kikamba. Biashara ya postikadi haikuona haja.

4. Kipusa

Kiswahili chenyewe hakikosi ushahidi katika kesi hii. Neno kipusa lina maana mbili: pembe ya kifaru, na msichana mrembo. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe, na katika karne hiyo misafara ya Wakamba ilizishusha pembe hizo Mombasa. Pembe haina jina la mnyama wake. Ina uzito na bei. Mrembo anapoitwa kipusa, lugha inamsifu na papo hapo inamweka mizanini. Postikadi isiyo na jina imelitimiza neno hili kwa maana zake zote mbili.

5. Hitimisho

Huenda msomaji akauliza: je, kumtaja leo mwanamke aliyepigwa picha bila ridhaa si kumvua mara ya pili? Swali ni la haki. Jawabu letu ni kwamba jina lirudishwe kwanza kwa jamaa, nao ndio waamue kama litaandikwa au litabaki nyumbani. Lakini haliwezi kurudishwa likiwa limekwisha kusahauliwa. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 16 mwaka 1950 sasa amepita 90. Wa miaka ya 1910 hayupo, ila pengine mjukuu wake yupo Mwingi, Mutomo au Kibwezi, na huenda akaitambua sura, au angalau mkufu na shanga.

Kazi hii yafaa wanafunzi wa lugha kuliko wauza kadi. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kitui, na wanafunzi wake wengi hukijua Kikamba tangu utotoni. Waanze na kadi zilizomo katika nyaraka zetu za taifa, waende nazo kwa wazee wa Kitui na Makueni, na waandike nyuma ya kila nakala kile walichoambiwa, kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Wakusanyaji wa London wamekwisha kutuonyesha kwamba picha bila jina ni nusu ya picha. Na nusu iliyobaki ya picha zetu haipatikani sokoni, kwa bei yoyote. Imo vinywani mwa watu wenye miaka 80 na 90.