Huzuni si Imani Haba

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alituachia kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, cha masilahi ya miili na nafsi. Sehemu ya nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 2013 na Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan.

Wengi hukisifu kwa kuwatangulia Wazungu, wakaishia hapo. Sifa hiyo haitoshi. Thamani yake ni pale Balkhi anapotenga huzuni mbili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na isiyo na sababu ijulikanayo, ambayo asili yake aliiona mwilini. Ya kwanza hutaka nasaha na fikra njema. Ya pili hutaka pia dawa ya mwili. Maelezo yake juu ya damu yamepitwa na wakati, lakini mgawanyo huo ungali watufaa. Kwani sisi tukimwona mtu amejiinamia, humwambia ana imani haba, tukamzidishia mzigo.

Atufunza pia kuweka akiba ya fikra njema wakati wa utulivu, kama dawa iwekwavyo nyumbani kabla ya maradhi.

Basi mwenye huzuni nyumbani mwako msikilize kwanza, usimhukumu. Akihitaji tabibu, mpeleke. Na dua isikatike.